Kodi ya Chumba cha Juu

Alden Royer aliisoma barua ya ofisi ya mji akiwa amesimama. Tangu apasuliwe mgongo, kukaa na kuinuka kulikuwa safari, naye hakutaka kusafiri mara mbili kwa ajili ya karatasi moja. Aliisoma, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maneno mengine, akaisoma tena. Kisha akaiweka mezani mbele ya mkewe Noreen, aliyekuwa akimenya viazi, na kuigonga kwa kidole.

"Laki mbili na elfu tisa," alisema.

"Nini hiyo?"

"Nyumba yetu. Hii hii. Mwaka jana ilikuwa laki moja na elfu arobaini na nane. Imelala maskini, imeamka tajiri."

Noreen alipangusa mikono kwenye aproni. "Na kodi?"

"Dola elfu nne na mia nne kwa mwaka. Imepanda elfu moja na mia tatu." Aliigonga tena barua. "Unajua kwa nini?"

Alijua. Msimu wa vuli uliopita, mgongo wa Alden ulipokataa kabisa kupasua kuni, waliling'oa jiko kuu la jikoni na kufunga boila ya kuchoma vidonge vya mbao. Serikali ya jimbo ilitoa nusu ya gharama, benki ikakopesha nusu. Mafundi walijaza kuta pamba ya kuzuia baridi, wakapitisha mabomba ya maji moto chini na juu. Kabla ya hapo, ukisahau glasi ya maji ghorofani mwezi wa Januari unaikuta barafu asubuhi. Miaka arobaini na moja watu wa nyumba ile walikuwa wamelala chini, nyuma ya jikoni, wakisongamana karibu na moto.

"Nani alimpandisha Priscilla juu?" Alden aliuliza.

"Aliomba kuona nyumba."

"Aliomba kuona boila. Boila iko chini ya ardhi. Mthamini wa kodi anakuja kuangalia boila, wewe unampandisha ngazi!"

"Alikuwa mgeni, Alden. Nimempa kahawa, akasema nyumba ina joto zuri, nikamwambia njoo uone na juu. Ningemwambiaje?"

"Ungemwambia juu kuna popo."

Noreen hakucheka. Alikumbuka siku ile ya Aprili jinsi alivyotangulia ngazini, jinsi alivyofungua mlango wa chumba cha tatu na kusema, "Hapa ndipo ninapolala siku hizi." Priscilla Drown alisifia pazia, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Noreen alidhani anaandika habari za pazia.

*

Jumatatu iliyofuata Alden alivaa shati la kwenda kanisani akaenda ofisi ya mji. Ofisi ile ni chumba kimoja chenye meza tatu, na siku hiyo kulikuwa na foleni ya watu waliokuja kulipia leseni za mbwa. Alitaka kuongea na Priscilla faraghani. Faragha haikuwepo.

"Sema tu, Alden," Priscilla alimwambia. Walisoma darasa moja tangu shule ya msingi. "Unapinga thamani kwa sababu gani?"

Alden alichomoa karatasi aliyoandika usiku kucha. Alianza kwa sauti ya chini, lakini Priscilla ana sikio moja bovu, ikabidi apandishe.

"Sakafu ya jikoni imebonyea. Ukidondosha njegere, zote zinakimbilia kwenye friji. Ukuta wa kaskazini umeoza kwa chini. Kibaraza cha nyuma kimeachana na nyumba. Choo kikivutwa maji, bomba linalia kama ndama. Dirisha la—"

"Alden," alisema Hollis Sanville, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kutoka kwenye foleni, "ukiendelea hivyo sisi ndio tutakulipa wewe ukae humo."

Watu walicheka, hata karani. Alden naye alijilazimisha kucheka, shingo ikiwa nyekundu hadi masikioni. Nusu ya vitu vile alikuwa amevijenga mwenyewe, na Hollis alimsaidia kumwaga zege la kibaraza.

"Hayo yote nimeyaona, nimeyapunguzia," Priscilla alisema, akifungua jalada. "Kilichopandisha thamani siyo jikoni. Ni huku juu. Vyumba visivyo na joto tulikuwa tunavihesabu kama dari la kuwekea vitu. Sasa vina joto, ni vyumba vya kuishi. Vitatu. Sheria ni hiyo kwa kila mtu, siyo kwako tu."

"Hakuna anayeishi huko."

Priscilla alimtazama juu ya miwani. Foleni nzima ikageuka.

"Noreen aliniambia analala huko," alisema taratibu.

Katika mji wa watu mia saba na hamsini, hilo lilikuwa neno zito kuliko kodi. Alden alikunja karatasi yake mara nne. Alisema atakata rufaa kwenye kamati, akatoka. Alipofika kwenye gari alikaa muda mrefu bila kuliwasha.

*

"Wanajua," alimwambia Noreen alipoingia. "Mji mzima unajua kwamba mke wangu amehama."

"Nimehama ngazi kumi na tatu."

"Kwa nini ulimwambia?"

"Kwa sababu ni kweli."

Alden alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni na kurudi. Tangu barua ile ije alikuwa hatulii. Usiku Noreen alimsikia akifungua kabati na kulifunga, akishuka kwenye boila na kupanda. Mshahara wa kiwanda cha mbao ulikwisha na mgongo wake. Walichokuwa nacho ni malipo yake ya ulemavu na mshahara wa Noreen, aliyefua mashuka kwenye nyumba ya wazee kwa dola kumi na nne kwa saa. Mkopo wa boila ulikuwa bado na miaka sita.

"Nisikilize," Alden alisema. "Rufaa inasikilizwa mwezi ujao. Halafu watu watatu wa kamati wanakuja kukagua, chumba kwa chumba. Ukiwazuia hata chumba kimoja, rufaa imekufa. Wakikuta juu ni stoo, tumeshinda. Wakikuta kitanda kimetandikwa, tumekwisha."

"Unataka nikitoe kitanda."

"Kwa wiki chache."

"Na wakati wa baridi?"

"Tutafunga koki ya mabomba ya juu. Priscilla atakuja tena mwakani, atakuta baridi. Tutaokoa na pesa ya vidonge pia."

Noreen aliketi. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mikono iliyobabuka kwa sabuni, na alikaa kama mtu aliyepokea mzigo bila kujiandaa.

"Nilikwambia nimepanda kwa sababu unakoroma," alisema.

"Nakoroma, ndiyo."

"Unakoroma miaka arobaini na moja, Alden. Siyo kukoroma."

"Ni nini basi? Ni mimi?"

"Siyo wewe." Alitafuta maneno na hayakuja vizuri. "Nimeingia nyumba hii nina miaka kumi na tisa. Mama yako alilala nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kitandani kwetu, miaka kumi na mmoja. Halafu watoto. Halafu mgongo wako. Sijawahi kufunga mlango nikiwa upande wa ndani peke yangu, ila mlango wa choo. Sasa napanda, nafunga, nakaa."

"Unafanya nini huko?"

"Sifanyi kitu."

"Dola elfu moja na mia tatu kwa mwaka," Alden alisema, "ili usifanye kitu."

Alijuta papo hapo, lakini hakuwa mtu wa kurudisha neno. Noreen alirudi kwenye masufuria.

Siku tatu baadaye aliporudi kutoka kazini alimkuta Alden amelala chali juu ya sakafu ya jikoni, mto chini ya magoti, uso wa rangi ya majivu. Noreen alipanda ngazi. Kitanda hakikuwepo. Godoro halikuwepo, wala kiti, wala taa, wala meza ndogo. Mahali pake palikuwa na makreti ya mitungi mitupu, magunia, matairi mawili ya theluji na toroli bovu. Mgongo ule uliokataza kupasua kuni ulikuwa umebeba chuma cha kitanda kipande kwa kipande hadi ghalani. Pazia tu lilibaki, pengine kwa sababu hakuweza kunyoosha mikono.

Alisimama mlangoni mpaka miguu ikachoka. Usiku ule alilala nyuma ya jikoni, ameelekea ukutani. Alden hakukoroma hata kidogo. Naye pia alikuwa macho.

*

Rufaa ilisikilizwa kwenye ukumbi wa mji mwishoni mwa Julai, mapanka yakizunguka, watu wakijipepea kwa ajenda. Hollis Sanville ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Aliwaapisha Alden na Noreen, mikono juu, akiona haya kidogo kwa sababu alikuwa amekula mezani kwao mara nyingi.

"Vyumba vya juu, Alden. Tarehe mosi Aprili, siku inayohesabiwa kisheria, kuna mtu aliyekuwa akiishi humo?"

"Hapana," Alden alisema. "Ni stoo."

"Noreen, una la kuongeza?"

Noreen alitazama mikono yake. "Njooni muone," alisema.

Walikuja Alhamisi. Hollis alivua buti mlangoni bila kuambiwa. Nyuma yake alikuwa Gail, msusi wa mji, aliyemkata Noreen nywele kila baada ya wiki sita na kujua mengi zaidi ya kukata nywele. Na bwana mmoja aitwaye Trask, mwanasheria mstaafu kutoka Boston aliyenunua nyumba ya kilimani na kugombea kila kiti kilichokuwa wazi. Priscilla alifuata mwishoni na jalada lake, midomo ameibana.

Walianza na jikoni. Trask alibonyeza sakafu kwa kisigino, akaandika. Alifungua kabati la chini ya sinki, akachungulia kwa tochi. Noreen alikuwa amesugua nyumba siku mbili, na sasa alimsikiliza mumewe akiwaonyesha uozo kama muuzaji anayesifia gari.

"Hapa gusa, inaingia kidole. Gusa, gusa. Na hapa, dari, mnaona doa? Linakua kila mwaka."

"Tumeona, Alden," Hollis alisema.

"Hamjaona choo."

Walikwenda kuona choo. Gail alibaki jikoni. "Pole, mpenzi," alinong'ona. Noreen alitamani angenyamaza.

Halafu wakapanda. Alden alitangulia, akishika ukuta, jasho likimtoka. Chumba cha kwanza, maboksi. Cha pili, maboksi na kitanda cha mtoto kilichovunjika. Cha tatu alikifungua kwa haraka na kusimama kando.

"Stoo," alisema.

Hakuna aliyeingia mara moja. Matairi, magunia, mitungi. Lakini hakukuwa na utando wa buibui hata mmoja. Sakafu ilikuwa imepigwa nta, na juu yake palionekana alama nne za miguu ya kitanda, safi kama sarafu. Pazia jeupe lilikuwa limepigwa pasi. Priscilla alifungua jalada, akalifunga.

Trask ndiye aliyeuliza, kwa adabu ya watu wa mjini. "Bi. Royer, wewe pia uko chini ya kiapo. Chumba hiki kilitumika msimu wa baridi uliopita?"

Noreen alisikia pumzi ya Alden. Hakumtazama. Aliona kichwani mwake kodi, benki, koki ikifungwa, ukuta wa kule nyuma ya jikoni ambao angeutazama mpaka mmoja wao afe. Alikuwa anaogopa, na hofu ile ilikuwa imemchosha miezi miwili mizima.

"Mimi nalala humu," alisema. "Tangu tarehe tatu Desemba. Kilikuwa na kitanda, meza na taa. Ni chumba changu."

Gail alishika mdomo. Alden aliangalia sakafu. Hollis alikohoa, akageuza kofia yake mikononi.

"Tatizo ni kwamba Alden aliapa..." alianza.

"Alden hapandi ngazi hizi," Noreen alisema. "Mgongo. Tangu apasuliwe hajui kinachoendelea huku juu. Alisema alichojua."

Alden alikuwa amesimama pale pale juu ya ngazi, mbele yao wote, shati limelowa. Kila mmoja alimwona. Hollis aliangalia matairi, akaangalia mgongo wa rafiki yake uliopinda, na ikaonekana anapima jambo lisiloandikwa kwenye fomu yoyote.

"Ni kweli," alisema hatimaye. "Mtu mwenye mgongo ule hawezi kujua."

"Mimi sina tatizo," Trask alisema, akiandika.

"Lakini na mimi nina swali," Noreen alisema, na sauti yake sasa ilikuwa na makali. "Priscilla, hivyo viwili vingine umevihesabu vina joto. Ulishika mabomba?"

"Kuna vyuma vya joto ukutani. Niliviona."

"Umeviona, hukuvishika. Mafundi walivitundika, pesa ikaisha, wakaziba mabomba sakafuni. Havijawahi kupata moto hata siku moja. Siku ile nilikupeleka moja kwa moja chumbani kwangu kwa sababu nilikuwa nakiringia. Hivyo vingine uliangalia mlangoni tu."

Trask alipiga magoti na suruali yake nzuri, akamulika nyuma ya chuma cha chumba cha kwanza, kisha cha pili. "Vimezibwa," alisema. "Vyote viwili."

Priscilla alijongea kuona mwenyewe. Alipoinuka alikuwa amebadilika rangi. "Kwa nini hukusema mapema?" alimuuliza Alden.

Miezi miwili Alden alikuwa ameomboleza juu ya njegere na vyoo, na ukweli wa kumwokoa ulikuwa sakafuni, umezibwa kwa kifuniko cha shaba, ila kuutumia kungemlazimu kuwapandisha watu hadi mlango wa tatu.

*

Uamuzi ulifika Septemba. Vyumba viwili viliondolewa, kimoja kilibaki. Kodi ilipanda kwa dola mia tano na kumi na mbili badala ya elfu moja na mia tatu. Noreen aliomba zamu ya Jumamosi kule kwenye nyumba ya wazee, akapewa. Tarehe ya kulipa ilipofika alikwenda mwenyewe dirishani kwa karani na hundi mbili, moja ya Alden, moja yake, ya dola mia tano na kumi na mbili.

"Ungeandika moja tu," karani alisema.

"Najua."

Alden hakuwa amesema naye zaidi ya "chumvi" na "simu inalia" tangu Agosti. Hakuwa na hasira hasa. Alikuwa kama mtu aliyelipiwa deni mbele ya watu na asiyejua amshukuruje aliyemlipia. Kwenye duka la mbegu Hollis alimuuliza mgongo unaendeleaje, naye akahisi duka zima linatabasamu.

Usiku wa baridi kali ya kwanza boila iliwaka yenyewe, nyumba ikatetemeka kidogo. Kesho yake asubuhi Noreen alikwenda ghalani. Alitoa chuma cha kitanda, akakipandisha. Alitoa matairi na makreti. Mwishowe alilibeba godoro, akalisukuma ngazini kwa bega mpaka likakwama kwenye kona, lisiende mbele wala nyuma, na yeye chini yake akihema.

Alden alimsikia kutoka jikoni. Alivumilia kwa muda. Kisha alikuja, akaweka viganja kwenye upande wa chini.

"Utavunjika," Noreen alisema.

"Pinda kushoto. Kushoto kwako."

"Hii ndiyo kushoto."

"Basi kulia. Sukuma."

Lilitoka kwenye kona kwa mshindo, likapanda. Walilifikisha chumbani na kulitupa juu ya chuma, na Alden, uso umemkunjamana kwa maumivu, akaketi ukingoni kwa sababu hakukuwa na kiti. Noreen alisimama dirishani akipumua. Chuma cha ukutani kilikuwa kikigongagonga polepole, maji moto yakipanda.

"Kuna joto humu," Alden alisema.

"Ndiyo."

Alitazama pazia, ukuta, mlima uliopauka kwa sakitu, umande ulioganda, nje ya dirisha. Tangu Desemba ile hakuwa amekaa humo hata dakika moja, ila siku aliyokitoa kitanda.

"Nilikosea," alisema. Halafu, kwa shida zaidi: "Unataka nishuke?"

Noreen alilifikiria swali. Alichukua muda wake wote, maana lilikuwa limeulizwa kwa haki na lilistahili jibu la haki.

"Pumzisha mgongo kwanza," alimwambia. "Halafu ushuke."

Alden aliitikia kwa kichwa. Alikaa dakika kumi hivi, mikono juu ya magoti, bila kugusa kitu. Kisha akainuka na kutoka, na alipofika nje akauvuta mlango nyuma yake, taratibu, mpaka komeo likalia.